Žalgiris ya Kaunas: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Toleo lililopita tuliandika sentensi moja tu kuhusu Žalgiris, klabu ya mpira wa vikapu ya mji wa Kaunas nchini Lithuania: kwamba mwaka 1999 ilitwaa ubingwa wa Ulaya. Sentensi hiyo moja ikazaa barua nyingi. Baadhi ni za ubishi wa kijiweni, nyingine ni za walimu wenye viwanja vya saruji na pete zilizopinda. Kila swali tumelijibu kwa uzito wake, kwa hiyo usinung'unike jibu la mwenzako likizidi lako.

Mhariri, hilo jina hutamkwaje, na lina maana gani?
*Msomaji, Mumias*

Weka ulimi pale unapotamkia "sh" ya shamba, kisha toa sauti yenye mtetemo kama wa "z". Hiyo ndiyo Ž. Zilizobaki ni rahisi: Š ni "sh", Č ni "ch" ya chai, na J husomwa kama "y" ya yai. Ndiyo maana kocha Jasikevičius anaitwa "Yasikevichus", wala si vile watangazaji wetu wanavyomkata-kata. Ukiona "Žalgirio Arena" usidhani ni klabu nyingine. Lugha yao hubadili mwisho wa jina, na "Žalgirio" ni "wa Žalgiris".

Kwa Kilithuania, "žalia" ni kijani na "giria" ni msitu. Watu wa Kakamega wangelipenda jina hilo. Lakini hapa si miti inayotajwa. Žalgiris ndilo jina Walithuania wanaloita Grunwald, mahali ambapo tarehe 15 Julai 1410 majeshi ya Lithuania na Poland yaliwatandika wapiganaji wa Kijerumani wa shirika la msalaba. Klabu ilianzishwa mwaka 1944, nchi ikiwa chini ya Moscow na vita dhidi ya Ujerumani vikiwa bado vinawaka. Jina la ushindi dhidi ya Wajerumani halikuwa na sababu ya kumkera mkubwa yeyote. Mlithuania naye alilisikia kwa sikio lake: siku taifa lake lilipokuwa na nguvu.

Wenzangu wanasema Warusi ndio waliowafundisha Walithuania mpira wa vikapu. Ni kweli?
*Mwendesha boda, Busia*

Si kweli, tena tarehe zinawaumbua. Lithuania ilikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1937 mjini Riga, ikarudia mwaka 1939 nyumbani Kaunas. Jeshi la Kisovieti liliingia mwaka 1940. Mwenye kufundishwa hawi bingwa mara mbili kabla mwalimu hajafika.

Waliouleta mchezo kwa nguvu ni Walithuania wa ughaibuni, hasa wa Marekani. Mkubwa wao ni Pranas Lubinas, aliyezaliwa Marekani kwa jina la Frank Lubin na kuichezea Marekani ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki ya 1936. Mashindano ya 1939 yalihitaji ukumbi, na Kaunas wakati huo ilikuwa mji mkuu wa muda kwa sababu Vilnius ilishikiliwa na Poland. Ukumbi ukajengwa mahsusi kwa mpira wa vikapu, jambo geni Ulaya ya siku hizo. Humo ndimo Latvia ilimofungwa 37–36. Ukumbi huo huo ulikuwa nyumba ya Žalgiris hadi mwaka 2011, klabu ilipohamia Žalgirio Arena, kwenye kisiwa cha mto Nemunas, yenye viti zaidi ya 15,000.

Kwa hiyo Žalgiris ilipobeba ubingwa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1947 na tena 1951, haikuwa miujiza. Ilikuwa ni mji uliokwisha kuujua mchezo, uliowekwa tu ndani ya ligi ya mtu mwingine.

Hapa Kondele tunasema Žalgiris ni Gor Mahia ya Lithuania. Tumekosea?
*Shabiki wa kijani, Kisumu*

Nusu mmepata. Rangi ni ile ile, kijani na nyeupe. Klabu zote mbili hazichezewi na wachezaji kumi na mmoja au watano walio uwanjani peke yao. Nyuma yao kuna watu wanaojiona wao ndio wanaocheza. Hata mwaka mmoja wanaugawana: 1987, Gor walipotwaa Kombe la Mandela kwa bao la ugenini dhidi ya Espérance ya Tunisia, ndio mwaka Žalgiris ilipotwaa ubingwa wa Umoja wa Kisovieti kwa mara ya tatu mfululizo.

Nusu nyingine ndiyo yenye utamu. Gor, tangu 1968, hucheza ligi ya nchi yake. Akifungwa leo na Leopards, kesho wanakutana sokoni na maisha yanaendelea. Žalgiris ilicheza ligi ambayo nchi yake haikuiomba, na mpinzani wake mkuu alikuwa CSKA Moscow, klabu ya jeshi. Klabu ya jeshi katika nchi yenye utumishi wa lazima ina njia ya kupata mchezaji inayemtaka ambayo klabu nyingine haina: kijana akifikisha umri, anaitwa kambini, na kambi ina timu. Ndiyo sababu fainali za 1985, 1986 na 1987, zote tatu dhidi ya CSKA na ubingwa mara zote tatu ukaishia Kaunas, zilikuwa na moto ambao alama za ubaoni hazisimulii.

Kocha alikuwa Vladas Garastas. Katikati, nafasi iitwayo senta, alisimama Arvydas Sabonis, mzaliwa wa Kaunas, mita 2.21. Pembeni walikuwapo Rimas Kurtinaitis, Valdemaras Chomičius na Sergejus Jovaiša, wote watupaji wa mbali. Watupaji hao walifaidi jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita: mstari wa alama tatu uliingia katika sheria za kimataifa mwaka 1984. Timu yenye senta mwenye kupasi na watupaji watatu ilikuta sheria imeandikwa kama kwa ajili yake. Kurtinaitis alikuja kualikwa kwenye shindano la mitupo ya alama tatu la NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 1989, ingawa hakuwa mchezaji wa NBA. Alipata alama 9 na kutolewa mapema, lakini mwaliko wenyewe unaeleza sifa yake.

Mwaka 1988 Umoja wa Kisovieti ulitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, ukiitoa Marekani katika nusu fainali 82–76. Sabonis, Kurtinaitis na Chomičius wa Žalgiris walikuwamo, pamoja na Šarūnas Marčiulionis aliyetoka klabu ya Vilnius. Lithuania ilipotangaza uhuru Machi 1990, Žalgiris ikajitoa katika ligi ya Kisovieti. Gor hawajawahi kulazimika kuamua jambo kama hilo.

Fainali ya 1986 dhidi ya Cibona: Sabonis asingetolewa, Žalgiris ingeshinda?
*Mbishi, Siaya*

Mchezo ulikuwa Budapest, fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Cibona ya Zagreb ilikuwa bingwa mtetezi, na nyota wake, Dražen Petrović, alikuwa kwenye kilele chake. Kipindi cha pili kukatokea rabsha, Sabonis akampiga Mihovil Nakić, refa akamtoa. Cibona wakashinda 94–82.

Sisi hatuamini kwamba ngumi ile ndiyo iliyolipoteza kombe. Timu iliyojengwa kumzunguka senta mmoja, kila pasi ikipitia kwake, ina hatari hiyo kila siku: faulo tano, kifundo cha mguu, hasira. Garastas hakuwa na mwingine wa kusimama pale na kuona uwanja mzima. Hilo lilikuwapo kabla ya ngumi. Mwaka huo huo klabu ilitwaa Kombe la Mabara nchini Argentina, kwa hiyo hawakurudi nyumbani mikono mitupu kabisa. Lakini Ulaya ikabidi wasubiri miaka 13.

Nina mwanafunzi mrefu sana, lakini kazi yake ni kusimama chini ya pete akingoja mpira. Nimesikia Sabonis alikuwa akitoa pasi kuliko kutupa. Nimfundisheje?
*Mwalimu wa michezo, Bungoma*

Mwalimu, mtoe chini ya pete. Ndiyo hatua ya kwanza na ndiyo ngumu, kwa sababu mtoto mrefu amezoea kusifiwa kwa kusimama pale. Akiwa chini ya pete, walinzi wawili wanatosha kumfunga na pia wanaziba njia ya wenzake. Akisogea juu, mlinzi wake naye lazima amfuate, na chini kunabaki wazi.

Tumia wachezaji wanne na mpira mmoja, nusu uwanja, bila kudunda mpira hata mara moja. Senta asimame kwenye "kiwiko", yaani pale mstari wa mtupo huru unapokutana na ubavu wa eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa chini ya pete ambamo mshambuliaji hakai zaidi ya sekunde hizo. Miguu yote miwili iwe nje ya mstari. Mstari wenyewe ni sehemu ya eneo, na ukiukanyaga refa anakuhesabia sekunde tatu. Mwelekezaji mchezo awe juu, mtupaji kona ya upande wa pili, na wa nne awe mlinzi wa mwelekezaji.

Mwelekezaji anampasia senta kwenye mkono ulio mbali na mlinzi, kisha anakata kuelekea pete. Hapo senta anatazama kitu kimoja tu, kichwa cha mlinzi. Kikigeuka kufuata mpira, pasi ya kudunda inapita nyuma ya mgongo wake. Mlinzi akirudi chini mapema kuziba pete, mkataji anapita karibu na senta na kupokea mpira mkononi, mwili wa senta ukiwa ukuta. Zoezi likishazoeleka, ongeza mlinzi wa pili. Akija kusaidia, mpira unakwenda kona. Fanyeni dakika sita kiwiko cha kulia, dakika sita cha kushoto, mara tatu kwa wiki, na msiruke kushoto.

Yatakayoharibika tunayajua. Senta atateremsha mpira kiunoni, na vijana wafupi watamnyang'anya. Aushike kidevuni, viwiko vimetoka nje. Mkataji ataondoka kabla senta hajageuka, na pasi itampiga mgongoni. Mwambie ahesabu "moja" moyoni baada ya kuachia mpira. Pasi ya kudunda itadunda karibu na mtoaji na kuinuka hadi usoni mwa mlinzi. Inatakiwa idunde theluthi mbili ya safari, karibu na mpokeaji. Na kama saruji yenu ina vumbi au mashimo, achana na pasi ya kudunda kabisa. Rusha juu ya bega la mlinzi. Sabonis alicheza kwenye sakafu ya mbao.

Wasichana watumie mpira namba 6. Tumeona shule zikiwapa namba 7, halafu zinalaumu viganja vyao.

Uwanja wetu wa shule una mistari ya kizamani. Eneo la chini ya pete limepanuka kama sketi, na mstari wa alama tatu uko karibu kuliko ule wa mechi za sasa. Aliyechora alikosea? Na tunarekebishaje?
*Kamati ya michezo, Nakuru*

Hakukosea. Alichora uwanja wa enzi ya Žalgiris bingwa. Hadi mwaka 2010 sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ziliweka mstari wa alama tatu kwenye mita 6.25, na eneo la sekunde tatu lilikuwa na upana wa mita 6 kwenye mstari wa mwisho, likisinyaa hadi mita 3.60 kwenye mstari wa mtupo huru. Fainali ya 1999 ilichezwa juu ya michoro hiyo. Tena ilichezwa kwa vipindi viwili vya dakika 20, timu ikiwa na sekunde 30 za kushambulia; robo nne za dakika 10 na sekunde 24 zilianza mwaka 2000. Anayelinganisha alama za wakati ule na za leo akumbuke hayo.

Kurekebisha kunahitaji asubuhi moja, watu watatu, futi kamba ya mita 10, timazi, chaki, na rangi ya kuchorea barabara.

Teremsha timazi kutoka katikati ya pete hadi chini, utie alama. Kipimo kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho kinatakiwa kiwe mita 1.575. Kikitofautiana, nguzo imesimikwa vibaya au imeinama, na hilo ni la kawaida. Usihamishe alama yako: fuata katikati ya pete, kwa sababu mtupaji analenga pete, halengi mstari.

Pigilia msumari wa zege kwenye alama hiyo. Ukingo wa nje wa mstari wa alama tatu ni mita 6.75 kutoka hapo, na mistari yote ina upana wa sentimita 5, kwa hiyo unachora duara mbili: ya 6.75 na ya 6.70. Usitumie kamba ya mkonge wala nailoni. Inavutika, mwenye kuvuta akichoka, mstari unaingia ndani, na unapata duara lenye tumbo. Futi kamba haivutiki.

Pembeni, mstari haufuati duara. Unanyooka sambamba na mstari wa ubavu, sentimita 90 ndani yake. Kwenye uwanja kamili wa mita 15, mnyoofu huo unakutana na duara mita 2.99 kutoka mstari wa mwisho. Uwanja wenu ukiwa na upana wa mita 14, zitakutana kwenye mita 4.47 hivi. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: wanaona duara limesogea sana kwenye ubavu, wanalipunguza lote ili lienee. Liache 6.75. Kona tu ndizo zitakazokuwa karibu zaidi.

Eneo la sekunde tatu sasa ni mstatili: upana mita 4.90, yaani 2.45 kila upande kutoka katikati, na urefu mita 5.80 hadi ukingo wa mbali wa mstari wa mtupo huru. Kwa msumari ule ule chora nusu duara ya mita 1.30 hadi ukingo wake wa nje. Humo mlinzi anayesimama kungoja kugongwa hapewi faulo ya mshambuliaji.

Mistari ya zamani izimeni kwa rangi inayofanana na sakafu. Mkiiacha, refa mgeni atahesabu sekunde tatu kwenye sketi. Futeni vumbi, osheni, ngojeni pakauke kabisa, kisha pakeni tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, maana nene hubanduka vipande. Majirani zenu wa Kakamega na Kisii waanze mapema zaidi: mvua yao ya alasiri haingoji tabaka la pili.

Mwaka 1999 walishindaje bila Sabonis?
*Msomaji, Kericho*

Kwa mtu wa mita 1.78. Tyus Edney, Mmarekani, alikuwa tayari maarufu kwa sekunde 4.8. Mwaka 1995, akichezea chuo cha UCLA dhidi ya Missouri, timu yake ikiwa nyuma kwa alama moja, alipokea mpira chini ya pete yake mwenyewe na kukimbia uwanja mzima hadi kufunga kabla ya filimbi. Kasi hiyo kocha Jonas Kazlauskas aliijengea timu nzima: mpira ukidakwa, anautafuta Edney, na Saulius Štombergas na Anthony Bowie wanakimbilia kona. Mwaka mmoja kabla, Žalgiris ilikwisha kuonja kombe la Ulaya la daraja la pili kwa kuifunga Stefanel Milano 82–67 mjini Belgrade.

Mjini Munich, Aprili 1999, nusu fainali ilikuwa dhidi ya Olympiacos, 87–71. Fainali dhidi ya Kinder Bologna, bingwa mtetezi, iliisha 82–74 na Edney akawa mchezaji bora. Ukiona 82 ni kidogo, kumbuka ni dakika 40. Kwa mwendo huo, dakika 48 za NBA zingetoa 98.

Nilisikia Žalgiris waliwahi kupoteza mchezo uliokuwa mkononi mwao. Ilikuwaje, na timu yetu ingefanya nini?
*Nahodha wa timu ya chuo, Homa Bay*

Tel Aviv, Aprili 2004, dhidi ya Maccabi, mshindi akisonga hadi mashindano ya timu nne za mwisho. Sabonis alikuwa amerudi nyumbani kutoka NBA, akiwa na miaka 39, na alikuwa mchezaji bora wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, msimu huo katika hatua za mwanzo. Žalgiris wanaongoza kwa alama tatu, zimebaki sekunde chache. Mpira unarushwa mrefu kutoka upande wa pili, Derrick Sharp anaudaka, anageuka, anaachia mtupo wa alama tatu, unaingia. Muda wa ziada Maccabi wakashinda 107–99. Upande wa Maccabi alikuwamo Šarūnas Jasikevičius, mzaliwa wa Kaunas. Uchungu huo haujaisha mjini humo.

Nahodha, ukiongoza kwa tatu na zimebaki sekunde chini ya tano, mchezee faulo mwenye mpira. Mitupo huru miwili haileti alama tatu. Lakini faulo hiyo ina wakati wake. Ukimshika mtu kabla mpira haujaachiwa na anayerusha kutoka nje, katika dakika mbili za mwisho, wapinzani wanapata mtupo huru mmoja na mpira unabaki wao, umejichimbia shimo. Ukichelewa na yeye amekwisha kuinua mikono kutupa, unampa mitupo mitatu. Kwa hiyo: ameudaka, mpira uko chini ya kifua, mgongo kwa pete, hapo hapo. Shika mkono ulio na mpira, usivute jezi wala usimkumbatie, maana refa anaweza kuiita faulo isiyo ya kimichezo. Na kabla ya yote hesabu faulo za timu. Kama robo hiyo mna tatu au pungufu, yenu ijayo haiwapeleki kwenye mitupo huru. Wanarusha tena kutoka nje, na unalazimika kurudia kazi ile ile.

Fanyeni zoezi hilo mara kumi kwa wiki, mkiwa mmechoka. Wachezaji hulijua kwa mdomo, lakini miguu husahau.

Klabu ya mji usio mkubwa inapata wapi pesa?
*Mwekahazina wa klabu, Kisumu*

Iliwahi kukosa. Mwaka 2009 Vladimir Romanov aliichukua, pesa zikaingia. Februari 2013 benki iliyohusishwa naye, Ūkio bankas, ikasimamishwa, na klabu ikabaki na madeni. Kilichoiokoa zaidi ni ukumbi. Paulius Motiejūnas, aliyeongoza klabu baada ya hapo, alisimamia pia Žalgirio Arena: tiketi, vyumba vya wageni, matamasha siku zisizo na mechi. Klabu inayouendesha ukumbi wake inakula hata isipocheza. Ile inayokodi hulipa kwanza, hata mashabiki wasipokuja. Mwaka 2018, chini ya Jasikevičius aliyerudi kama kocha, Žalgiris ilifika timu nne za mwisho Belgrade na kuifunga CSKA 79–77 kwa nafasi ya tatu, ikiwapiku wenye mifuko minene zaidi. Motiejūnas mwenyewe mwaka 2023 aliteuliwa kuiongoza EuroLeague.

Nyumbani hawana raha sana. Kuanzia 2011 hadi 2021 ubingwa wa Lithuania haukuondoka Kaunas. Kisha Rytas ya Vilnius ikautwaa 2022 na 2024. Ukitaka kujua mechi hizo mbili zinafananaje, fikiria Gor na Leopards ndani ya jengo lenye paa.

Mechi zao tunaziona saa ngapi huku?
*Msomaji, Nakuru*

Lithuania hubadili saa, sisi hatubadili. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, Kaunas iko nyuma yetu kwa saa moja: mechi ya saa mbili usiku kwao ni saa tatu usiku kwetu. Nje ya kipindi hicho saa zinafanana. Wakisafiri kwenda Hispania au Ufaransa wakati wa baridi, tofauti ni saa mbili. Mechi ya Madrid ya saa mbili na nusu usiku inaanza kwetu saa nne na nusu.